Karatasi za Karanga

Mwaka 2019 Dodoma nzima ilikuwa inajengwa. Mji wa Serikali pale Mtumba ulizinduliwa Aprili, malori ya kokoto yakawa yanapishana usiku na mchana, na mimi, fundi wa kuchomelea vyuma kwa zaidi ya miaka thelathini, nimekaa nyumbani Chang'ombe nahesabu kuku wa jirani. Kampuni niliyoitumikia tangu Februari 2004 ilitupunguza Februari ile, watu tisa, wote tumeshavuka hamsini. Wakasema kazi zimepungua. Labda kwao.

Mtumba nilikwenda mara tatu. Kijana wa getini nilimsalimia Kigogo, "Mbukwenyi," nikidhani undugu utasaidia. Aliitikia vizuri tu. Umri hakuniuliza, maana namba ya NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa. Akisoma 1963 pale mbele, yametosha. Akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Mzee wangu, tutakupigia." Namba ya simu hakuichukua.

Nikaona basi, bora nidai pensheni. Nilikuwa na miaka 56, na sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari ukifika 55, ile ya lazima ni 60. Sharti lingine nililijua kama sala: michango ya miezi 180. Mimi nilifanya kazi miezi 181, nilihesabu kwa vidole na kwa kalenda. Mashine yangu mwenyewe ya kuchomelea nilishaichagua dukani, bado kulipa tu.

Ofisini nilipokewa na binti nyuma ya kioo. "Shikamoo baba." Akaandika, akasubiri, akaandika tena.

"Baba, hapa naona miezi 164."

"Hebu rudia, mwanangu."

Akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Mapengo: miezi saba mwaka 2012, mitano 2013, mitano 2016. Kumi na saba. Asilimia kumi yangu ilikatwa kila mwezi bila kukosa, na nakumbuka kwa sababu kila mwezi niliinung'unikia. Mwajiri alikata, hakuwasilisha. Binti akasema nikileta hati za mshahara za miezi ile, watamfuatilia.

Nilitoka nikitembea kama mtu aliyeshapata. Hati zangu zote nilizitunza! Zilikuwa kwenye katoni ya sabuni, chini ya kitanda. Vumbi lilikuwa linapiga usoni lakini sikungoja daladala.

Katoni ilikuwa nusu.

Mama watoto alikuwa uani, anageuza karanga kwenye mchanga wa moto. Tangu nipunguzwe, hizo karanga ndizo zilikuwa zinatulisha, nami sikuwahi kumuuliza anafungia nini.

"Karatasi za kwenye katoni ziko wapi?"

"Zile za kazini? Si ulisema kazi imekwisha?" Akaendelea kukoroga, kisha akaniangalia vizuri na mwiko ukasimama.

Mshahara wangu wa 2012 ulikuwa umeuzwa kituo cha daladala, mia mbili mia mbili, na kutupwa dirishani. Hasira nilikuwa nayo, ila sikuona pa kuiweka. Angejuaje? Mimi mwenyewe asubuhi ile sikujua.

Tulitandika mkeka tukapanga karatasi moja moja hadi giza likaingia, yeye ameshika simu inawaka tochi. Ya 2016 yote mitano ilikuwepo. Ya 2013 mitatu. Ya 2012 hakuna hata mmoja. Nilihitaji kumi na sita. (Habari ya mihuri na barua iliyofuata baadaye ni ndefu, na inanichosha hata kuikumbuka.)

Tulikuwa bado tumeinama pale mtoto wa jirani akaja na shilingi mia mbili. Mama watoto akanyanyua karanga moja iliyokwisha kufungwa, kwenye beseni la kesho, akampa. Mtoto akageuka. Mama watoto akamwita arudi, akaifungua ile karatasi, akaisogeza kwenye mwanga na kuisoma taratibu, maana miwani hana.

"Novemba 2012."

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Mimi nikaanza kufungua zilizobaki kwenye beseni.

"Kinga mikono, mjukuu wangu," akamwambia mtoto. "Leo tunauza bila karatasi."