Milango ya kidaka: kumbukumbu ya ruta yangu ya kwanza

Kidaka cha ukumbini kwetu Malindi, Unguja, yaani lile shubaka la ukutani la kuwekea vyombo, kina upana wa sentimita 64 chini na 62.8 juu. Nimekipima mara tatu nikidhani futi ndiyo iliyokosea. Siyo futi. Nyumba hizi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta uliopigwa lipu kwa mkono hauna kona iliyonyooka. Mama anataka kidaka kifungwe kwa milango miwili midogo ili vyombo vyake vya shaba visishike vumbi, na mimi nataka milango hiyo iwe na mfaa, ule mti wa nakshi unaosimama katikati, kama mlango mkubwa wa nje. Ubao ni wa mfenesi, umelala chini ya ngazi miaka miwili ukikauka. Ulipopasuliwa ulikuwa wa njano kama bizari, sasa umeanza kuingia hudhurungi.

Kazi za mkono ninazijua kiasi. Nilikua nikimshikia ami yangu mbao alipokuwa bado anafanya useremala. Ila mifereji ya kuchomekea paneli ilinitisha: mbao nane za fremu, kila moja na mfereji wake, na zote ziwe sawasawa. Ndipo nikaamua kununua ruta, mashine ya umeme inayozungusha biti, yaani chuma cha kukatia, na kuchimba mbao. Nasema ruta ya mbao, si ile ya intaneti, kwa sababu hata dukani nilielekezwa kwenye duka la simu.

KUCHAGUA

Wiki mbili nzima niliuliza. Ziko za aina mbili hasa. Kubwa ina mishikio miwili na chemchemi, unaiweka juu ya ubao ikizunguka kisha unaizamisha mpaka kina ulichokipanga. Ina wati 1,500, 1,800, wakati mwengine zaidi ya 2,000, na koleti yake, yaani taya za kubania biti, inashika biti yenye mkia wa milimita 12. Ndogo unaishika kwa mkono mmoja kama chupa, ina wati 500 hadi 700 hivi, na inashika mkia wa milimita 6 au robo inchi. Mafundi wa fomaika wanaipenda kwa kukatia kingo.

Nilitaka kubwa. Ami akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, unataka ikufanyie nini?" Nikamtajia: mifereji ya milimita 8, vitanda vya bawaba (vishimo vya kuzilaza), kuvunja kingo, na kupunguza mbao inayozunguka nakshi. Akaniambia nimeshajijibu. Hakuna hata moja hapo inayotaka mashine ya kilo tano. Ingekuwa milango ya nje yenye mbao za inchi mbili, au kutoboa matundu ya ndimi, ningehitaji kubwa. Kwa ubao wa milimita 22, ndogo inatosha, na mkono unaisikia vizuri zaidi inapoanza kugoma.

Nilichonunua ni ndogo ya wati 710, yenye gurudumu la kupangia kasi kutoka mizunguko 10,000 hadi 30,000 kwa dakika. Gurudumu hilo ndilo lililonifanya niache nyingine iliyokuwa rahisi zaidi. Piga hesabu uone: biti yenye kipenyo cha milimita 6 ikizunguka 30,000, ncha yake inakwenda kama mita 9 kwa sekunde. Weka biti ya milimita 38 kwa kasi hiyohiyo, ncha inafika karibu mita 60 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Biti pana lazima ipunguziwe kasi, na mashine isiyokuwa na gurudumu haikupi njia hiyo.

Jambo jengine la hapa kwetu: mashine za mtumba kutoka Japani ni nzuri na zimejaa, lakini nyingi ni za volti 100. Umeme wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja imekufa, na transfoma ya kuibebea inakula faida yote ya bei. Soma kibati cha ubavuni kabla hujauliza bei. Kisha shika koleti kwa vidole uitikise kulia na kushoto. Ikicheza, beringi zimekwisha, iache hapo hapo.

Biti nilichukua nne tu, zenye ncha ya kabaidi: msokoto wa milimita 6, nyoofu ya milimita 3, ya pembe 45, na nyoofu ya milimita 12. Kulikuwa na sanduku la biti kumi na mbili kwa bei ndogo kuliko hizo nne. Niliikwaruza moja kwa ukucha na ukucha haukudhurika, nikalirudisha.

JUMAMOSI YA KWANZA: VIPANDE VIBOVU

Sikugusa mfenesi. Nilifunga kipande cha mbao laini mezani nikajifunza mwelekeo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Ukiitazama kutoka juu, biti inazunguka kama mshale wa saa. Ukiisukuma mashine mbele, ubao unaisukuma biti kuelekea kushoto. Kwa hiyo ukikata ukingo wa nje, ubao uwe kushoto kwako, uzunguke kinyume cha saa. Ndani ya fremu unazunguka kufuata saa. Ukienda upande huo, biti inajivuta kwenye mbao lakini haiwezi kukimbia. Nilijaribu kinyume mara moja, kwa makusudi, kwa mkato mdogo wa nusu milimita. Iliruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba. Sirudii.

Miwani, barakoa, vizibo vya masikio, shati la mikono mifupi. Vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua, na kati ya vipande nilivyotumia siku hiyo kimoja kilikuwa cha mvule. Nilikohoa mpaka usiku kwa sababu barakoa nilikuwa nimeishusha shingoni "dakika moja tu".

JUMAMOSI YA TATU: MIFEREJI

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo nilipojifunza zaidi.

Ubao una unene wa milimita 22. Mfereji nautaka katikati kabisa, upana milimita 8, kina milimita 10. Biti yangu ni ya 6. Nikapanga kiongozi cha pembeni ili biti ianze milimita 7 kutoka uso wa ubao. Pita ya kwanza inakata kutoka 7 hadi 13. Kisha kiongozi kinahamia uso wa pili bila kuguswa kipimo, na mkato unatoka 7 hadi 13 kutoka upande ule. Ukijumlisha, mfereji umekwenda kutoka 7 hadi 15: milimita 8, na uko katikati hata kama jicho langu lilikosea kupima. Nilifurahi sana nilipoliona hilo kwenye karatasi, na nikafurahi zaidi nilipoliona kwenye mbao.

Kiongozi kiwe mkono wa kulia unapoisukuma mashine mbele. Inavutwa kushoto, basi kiongozi kinagandana na ubao chenyewe. Nikikiweka kushoto, kila wakati inataka kunitoroka. Shida nyengine ni kwamba mashine imesimama juu ya ukingo wa milimita 22, inayumba. Nikabana ubao mwengine ubavuni, ulingane kwa juu, mashine ipate pa kukaa. Klampu ziwe chini sana. Mara ya kwanza kiongozi kiligonga klampu katikati ya njia na kuacha kidonda cheusi, kwani biti ikisimama mahali pamoja mfenesi unaungua.

Kina nilikikata kwa pita tatu, milimita 3 na kitu kila moja. Kwenye ubao wa tano sauti ikabadilika. Ilikuwa inaimba nyembamba, ikaanza kunguruma. Nikazima, nikasubiri isimame kabisa, nikapima: mfereji ulianza na milimita 10 na kumalizika na 13. Biti ilikuwa inatoka kwenye koleti polepole, inajichimbia yenyewe. Biti za msokoto zinainua maganda juu, na papo hapo zinajivuta chini.

Nikaipima mkia kwa kalipa: milimita 5.98. Koleti niliyouziwa pamoja na mashine ni ya robo inchi, yaani 6.35. Muuzaji aliniambia "ni mamoja, sita na robo". Si mamoja. Tofauti ya theluthi moja ya milimita inatosha nati ikaze mkononi mwako bila koleti kuibana biti sawasawa. Ningeendelea na ubao wa sita, sijui kile chuma kingeangukia wapi. Kazi ilisimama siku tisa mpaka koleti ya milimita 6 ilipokuja na boti kutoka Dar es Salaam.

Tangu hapo kila biti ninaiingiza mpaka mwisho, kisha ninaivuta nje milimita 2 ndipo ninakaza. Ikigusa sakafu ya koleti, joto likiipanua haina pa kwenda. Na baada ya kila mbao mbili naifuta kwa mafuta ya taa, kwani utomvu wa mfenesi unaganda kwenye ncha na kuifanya iunguze.

Paneli nimezichomeka bila gundi, nikaacha nafasi ya milimita 2 kila upande. Masika yakija zitavimba. Ukizigundisha, fremu itafunguka au paneli itapasuka.

BAWABA

Bawaba ni za shaba ya njano, urefu milimita 50, kwa sababu chuma kwa hewa ya bahari hii kinachukua miezi tu. Kiolezo nilikikata kwa plaiwudi. Bushi, pete inayoizunguka biti na kufuata kiolezo, ina kipenyo cha nje cha 10 na biti ni 6, hivyo biti inabaki milimita 2 ndani ya ukingo wa kiolezo. Tundu la kiolezo basi ni 54 ili nipate 50. Kiolezo kimoja kilinichukua asubuhi nzima. Vitanda vinane vikatoka kwa dakika ishirini. Kona za mviringo nilizimaliza kwa patasi. Skrubu ya chuma iliingia kwanza kufungua njia, ikatoka, kisha ikaingia ya shaba iliyopakwa nta.

MFAA

Ami amekuja leo baada ya Alasiri. Nilimwonesha mfaa: ua tatu na mnyororo kandokando, aliochora mwenyewe kwa bikari wiki iliyopita. Kwa biti ya milimita 3 nimeshusha chini ya nakshi milimita 3 kila mahali, nikakaa mbali na mstari wa kalamu kama unene wa ukucha. Kazi hiyo kwa patasi huwa siku mbili. Nimeifanya kati ya Adhuhuri na Alasiri.

Alipitisha kidole kwenye ile sakafu.

"Imelala sawa," akasema. "Sasa zima hiyo mashine, nipe patasi ya nusu."

Akakaa barazani na kuanza kuchonga ule unene wa ukucha uliobaki, petali moja baada ya nyengine, patasi ikiinama kidogo ili ukingo uwe na mteremko. Biti inasimama wima, haijui kuinama, na ua lisilo na mteremko halishiki kivuli. Petali mbili alizifanya yeye, ya tatu akaniachia.

Mlango wa kushoto, wenye mfaa, umekaa na unafunguka wa kwanza kama inavyotakiwa. Wa kulia unakwaruza jiwe kwa juu, milimita 2. Kesho randa.