Siku moja maishani mwangu: boksi la milimita 3 lililovuja

Saa 1:30 asubuhi. Siku yangu inaanzia mlangoni. Chumba chetu cha kupimia mawimbi ya redio yanayovuja kutoka kwenye vifaa vya elektroniki ni boksi kubwa la chuma. Ndani, kuta zimefunikwa vigae vya feraiti na koni za sponji nyeusi iliyoloweshwa kaboni ili mawimbi yasirudi nyuma. Mlango umezungukwa na vidole vyembamba vya shaba yenye beriliamu, vimepangana kama meno ya kitana. Ukifungwa, vinabanwa, metali inagusa metali pande zote. Kila asubuhi navipangusa kwa spiriti. Leo kimoja kimelala. Nimekiinua taratibu kwa kibano, maana ukikilazimisha kinakatika.

Kisha naingia na redio ndogo ya mfukoni, imeshika stesheni ya FM, na mwanagenzi wangu anafunga mlango. Mtangazaji anakatwa katikati ya neno. Si kipimo rasmi hicho, lakini sijawahi kuanza kazi bila hicho.

Saa 2:30. Mteja amefika na kifaa cha kukusanya takwimu za mashine. Boksi zuri kwa kweli: alumini nyeusi iliyoanodaiziwa, kingo zimechongwa safi.

"Fundi, hii ni milimita 3. Hakuna kitakachotoka humu."

Sentensi hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba siibishii tena kabla ya vipimo. Kwenye megahezi 100, mkondo hausambai ndani ya alumini yote. Unakimbia juu juu, kwenye ngozi ya takriban maikromita 8, yaani 8 kwa elfu ya milimita. Kwa mawimbi ya redio, karatasi nyembamba ya alumini ni ukuta tosha. Mwanasayansi Michael Faraday mwenyewe, alipojenga chumba cha kuzuia umeme mwaka 1836, hakuhitaji kuta nene. Milimita 3 zinalisaidia boksi likidondoka sakafuni, basi.

Saa 3:30. Antena ipo mita 3 kutoka kwenye kifaa. Tunapita kutoka megahezi 30 hadi 1,000, na kwenye skrini inachomoza miiba, mmoja kila baada ya megahezi 25. Ndiyo saa ya bodi yake hiyo, mapigo yanayoendesha saketi mara milioni 25 kwa sekunde, inaimba na wajukuu wake wote, yaani mawimbi ya 50, 75, 100 na kuendelea. Miiba miwili imevuka mstari. Kwenye 375 tumepata desibeli 56, na kikomo cha CISPR 32 daraja B, kiwango cha kimataifa kwa vifaa vya majumbani, kwa umbali huu ni 47. Kwenye 75 tumepata 43, kikomo 40. Desibeli 9 za ziada zinasikika kama kitu kidogo, kumbe ni uga wenye nguvu karibu mara tatu ya unaoruhusiwa.

Mteja ameitazama skrini, akalitazama boksi, akaitazama tena skrini.

Saa 5:00. Hapa ndipo kazi inaponoga. Nina kitanzi kidogo cha kunusia mawimbi, nilichokikunja mwenyewe kwa kebo ya koaksia. Nakipitisha polepole kwenye kingo za boksi huku mwanagenzi akisoma namba. Juu ya kifuniko, kimya. Pembeni, kimya. Kwenye mstari ambapo kifuniko kinakaa juu ya mwili, namba zimeruka.

Nimechukua multimita. Ncha moja kwenye weusi wa kifuniko, nyingine kwenye weusi wa mwili: hakuna njia kabisa. Ule weusi mzuri ni oksidi ya alumini iliyotiwa rangi, ngozi inayotokana na kuanodaizi, nayo haipitishi umeme. Kifuniko na mwili vimekaa pamoja kama majirani wasiosalimiana, na vinagusana tu kupitia skrubu za pembeni. Kati ya skrubu na skrubu, sentimita 38.

Wimbi la megahezi 375 lina urefu wa sentimita 80. Nusu yake ni 40. Kwa hiyo mteja ametengeneza, bila kukusudia, antena karibu kamili, na ameifunga kwenye bidhaa yake. Wengi wanaangalia upana wa ufa. Huu ulikuwa mwembamba kuliko unywele, lakini kinachoamua zaidi ni urefu. Matundu madogo mia ya kupitishia hewa yangevuja kidogo kuliko ufa huu mmoja.

"Ziba kwa tepu ya shaba tuone," nimemwambia mwanagenzi. Amesugua kingo kwa msasa hadi alumini ikang'aa, akaziba kwa ustadi. Tumepima: pungufu desibeli 2 tu. Amenitazama kama mtu aliyeibiwa. Nimeokota roli alilotumia nikasoma ndani yake. Gundi ya kawaida! Ile ni shaba juu, plastiki chini. Umeme unafika kwenye gundi unasimama. Roli sahihi lina gundi yenye chembe za metali. Tumebandua, tukaanza upya. Mwiba wa 375 umeshuka hadi 40.

Saa 8:00 mchana. Simu ya haraka kutoka kwa mteja mwingine: kihisi chake kinasumbuliwa na transfoma iliyo karibu, naye amekifunika kwa kopo la shaba la nusu milimita. Kwa hezi 50 ngozi ya shaba ni kama milimita 9, kwa hiyo kopo lile ni sawa na pazia. Anahitaji myumetali, aloi ambayo takriban asilimia 80 ni nikeli, inayouvuta uga wa sumaku na kuuzungusha pembeni. Nimemsihi asiikunje mwenyewe: ikikunjwa au kudondoka inapoteza sifa yake, hadi ichomwe upya kwenye tanuri lenye hidrojeni. Ameniuliza kama anaweza kuikunja *kidogo*.

Saa 9:30. Mwiba wa 75. Mteja wa asubuhi anataka kubana pete ya feraiti kwenye kebo ili imeze mawimbi. Siipingi feraiti, ila sipendi kuanza nayo. Nimefungua kiunganishi: msuko wa waya unaoizunguka kebo umesokotwa ukawa mkia wa sentimita 6, ukaunganishwa na pini moja. Kwenye megahezi 75 mkia wa urefu huo unaleta kizuizi cha karibu omu 30, na kebo nzima inageuka antena. Tumeukata mkia, tukautandaza msuko na kuubana mzunguko mzima kwenye ganda la metali la kiunganishi. Sasa 33.

Saa 11:00 jioni. Ripoti, na ubishi wa mwisho. Tepu si kitu cha kupeleka kiwandani, hivyo nimependekeza kingo zizibwe wakati wa kuanodaizi, kisha zipakwe kromati, inayolinda alumini huku ikipitisha umeme, na katikati ikae gasketi, kizibo laini kinachopitisha umeme. Mteja anataka ile ya silikoni yenye chembe za fedha tupu kwa sababu katalogi inaisifu. Fedha na alumini vikikutana na unyevu, alumini ndiyo inaliwa. Baada ya muda kiungo kinajaa unga mweupe, na antena yetu inarudi. Nimemwandikia ile yenye chembe za alumini zilizopakwa fedha.

"Na rangi nyeusi?"

"Nje ibaki, kaka."

Nikiwa nazima mitambo, nimemkuta mwanagenzi na kalamu ya wino mzito. Roli la asubuhi ameliandika HALIPITISHI, kwa herufi kubwa kiasi kwamba zimelizunguka na kujigonga mwishoni.