Roboti Ikiunguza Utumbo, Utunze Mkasi

Neno "roboti" huwachanganya wengi. Da Vinci, roboti ya upasuaji iliyopata kibali cha FDA (mamlaka ya chakula na dawa) ya Marekani mwaka 2000, haijiamulii pa kukata: mikono yake hufuata vidole vya daktari aliyeketi kwenye konsoli, yaani meza ya kuiendeshea. Ndiyo maana ikitokea ajali, lawama humwangukia daktari kwanza. Mara nyingi ni mapema mno.

Chukua mkasi wa umeme. Karibu na ncha huvalishwa kifuniko cha kuzuia umeme usivuje. Kikipasuka au kikivalishwa vibaya, cheche hurukia utumbo, pengine nje ya upeo wa kamera. Tundu hugundulika siku kadhaa baadaye, mgonjwa ana homa na tumbo limekaza. Kifuniko kilishatupwa, mkasi ulishasafishwa na kurudishwa kazini. Daktari, aliyekivalisha na kiwanda watatupiana mpira, na hakuna wa kuwaumbua.

Kwa hiyo fanya haya siku hiyohiyo ajali inaposhukiwa: fungia mkasi na kifuniko kwenye mfuko wenye lebo, andika namba za toleo na mara ambazo mkasi umetumika (chipu yake huhesabu), nakili video na kumbukumbu za mashine kabla fundi hajaigusa. Usirudishe chochote kiwandani kabla ya mtaalamu asiyefungamana na upande wowote kukikagua. Huko Pennsylvania, Marekani, mgonjwa alishindwa hadi kwenye rufaa, mwaka 2010, ingawa roboti ilionyesha hitilafu katikati ya upasuaji wa tezi dume. Hakuwa na mtaalamu wa kueleza kasoro.

Hospitali nayo isijifiche. Katika kesi ya Taylor dhidi ya Intuitive Surgical (watengenezaji wa da Vinci), 2017, Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba mtengenezaji lazima aionye hospitali iliyonunua mashine. Kumwonya daktari pekee hakutoshi. Ni sawa kabisa, maana hospitali ndiyo inayoamua nani aketi kwenye konsoli. Daktari wa kesi ile alikuwa amesimamiwa mara mbili tu kabla ya kuachiwa roboti peke yake.

Ulaya imekwenda mbali zaidi. Direktivu 2024/2853, agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zenye kasoro ambalo nchi wanachama zinatakiwa kuliingiza katika sheria zao kufikia tarehe 9 Desemba 2026, inaihesabu programu ya kompyuta kuwa bidhaa. Mtengenezaji akiamriwa na mahakama kutoa ushahidi, kwa mfano kumbukumbu za mashine, akakaidi, bidhaa yake huchukuliwa kuwa na kasoro hadi athibitishe vinginevyo.