Siku ya 41 bila sigara

Jana nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kusimama njiani na kujifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Miaka 14 huo ndio ulikuwa ujanja wangu wa kuficha kuhema.

Kilichonishangaza ni kikohozi. Nilipoacha, kiliongezeka! Wiki ya pili nikawa natema makohozi ya kahawia kila asubuhi, nikajua basi, yamenikuta. Daktari akatabasamu: kwenye njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma uchafu nje, na moshi huvipoozesha. Ukiacha, vinaamka na kuanza kufagia. Kumbe mapafu yalikuwa kwenye usafi.

Pua nayo imerudi. Juzi nafungua kabati, koti langu la zamani likaninukia hadi nikarudi nyuma. Mke wangu kalala na harufu hiyo miaka yote, masikini.

Lakini moyo ndio ulionitisha. Kaboni monoksaidi ya moshi inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, huku nikotini inaukimbiza moyo. Yaani unauongezea kazi na kuupunguzia hewa.

Kucha mbili za mkono wa kulia bado njano. Nimesugua kwa limau, wapi!