Siku ya kumalizia: gauni, darizi na kijumba

Saa 12 na nusu asubuhi. Kazi ya kwanza leo ni gundi. Wengi wenye kazi za mikono za aina mbalimbali huanza na cherehani kwa kuwa ndiyo kazi kubwa, halafu jioni wanakuta kijumba cha wanasesere hakijabanwa na macho yameshachoka. Mimi siku ya kumalizia huipanga kwa kufuata vitu vinavyosubiri. Gundi nyeupe ya mbao hutaka kubanwa walau nusu saa, na hukomaa kabisa baada ya saa 24 hivi. Darizi iliyofuliwa hutaka nafasi ya kunyauka. Gauni la kloshi hutaka kuning'inia usiku kucha. Nikivianzisha mapema, vinaendelea vyenyewe huku mikono yangu iko kwenye kitu kingine.

Kijumba changu ni cha uwiano wa 1:12, uwiano uliozoeleka zaidi kwa nyumba za wanasesere: inchi moja husimama badala ya futi moja. Mlango wa mita 2 unakuwa wa karibu sentimita 17, kiti cha sentimita 45 kinakuwa chini ya sentimita 4. Asubuhi hii nabandika ukuta wa mwisho wa ndani. Kwanza naupachika bila gundi na kuupima kwa skwea pande zote mbili, maana ukuta ukiinama milimita moja, kwa macho ya anayeishi humo ndani umeinama zaidi ya sentimita nzima, na samani zote zitakazouegemea zitaonyesha. Ukikaa sawa, napaka gundi kidogo, nabana, na kufuta iliyochuruzika kwa kitambaa kibichi kabla haijakauka. Gundi iliyokauka juu ya mbao hukataa rangi, na doa lake halifichiki.

Hapohapo napaka rangi vipande vya kadibodi vitakavyokuwa dari, mbele na nyuma. Upande wa nyuma hakuna atakayeuona, lakini rangi ya maji hulowanisha nyuzi za karatasi, na ikikauka huvuta. Ukipaka upande mmoja tu, kipande hujikunja.

Saa 1 na nusu. Darizi inaingia majini. Ni tawi lenye maua mekundu juu ya kitani, na mistari ya kalamu ya kuchorea bado inaonekana pembeni mwa majani. Kalamu hizi hutolewa kwa maji baridi, na lazima zitolewe kabla ya pasi, kwa sababu joto linaweza kuugandisha wino moja kwa moja. Uzi mwekundu nao nauangalia kwa makini. Nauminya kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ukiacha wekundu, nasuuza mfululizo kwa maji mengi ya baridi mpaka yatoke meupe, wala siiachi ilowe ikiwa imekunjwa. Darizi haikamuliwi. Naitandaza juu ya taulo, naviringisha pamoja kama mkeka, nakandamiza kwa viganja, kisha naifungua na kuilaza kivulini.

Saa 3. Gauni. Limetundikwa tangu jana likiwa limekamilika isipokuwa pindo na ndoano ya juu ya zipu. Mpwa wangu, mwenye gauni, alipita asubuhi akaliona bado liko kwenye hanga.

“Mama mdogo, si nilidhani limeisha?”

“Limeisha juu, mwanangu. Chini linashuka bado.”

Nilimwonyesha. Sketi ya kloshi hukatwa kwa mviringo, kwa hiyo sehemu nyingine zimefuata uzi wa kitambaa na nyingine zimekaa mshazari. Za mshazari hunyooka kwa uzito wake zenyewe. Pindo lililokuwa sawa mezani jana, leo lilikuwa limeshuka pande nne karibu upana wa kidole. Ukipiga pindo siku hiyohiyo ya kukata, gauni litavaliwa mara mbili tatu na kuanza kuonyesha mawimbi chini, na lawama itamwangukia fundi.

Kwa hiyo nilimvalisha, akasimama wima bila kuangalia chini, nami nikapima kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, nikitia alama ya chaki kila baada ya upana wa kiganja. Ni mimi niliyemzunguka, yeye hakugeuka. Kisha nikapunguza kilichozidi.

Pindo la mviringo lina shida yake: ukingo wa chini ni mrefu kuliko pale unapoukunjia. Kadiri pindo linavyokuwa pana, ndivyo kitambaa cha ziada kinavyojikunja vibaya kwa ndani. Ninaloliamini mimi ni pindo jembamba, la sentimita moja au pungufu. Napitisha mshono mrefu karibu na ukingo, nauvuta uzi taratibu mpaka kitambaa kijipunguze kwa usawa, napiga pasi, nakunja mara ya pili, napiga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda), ndipo nashona kwa mkono. Sindano inachukua uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa cha nje, kisha inatembea ndani ya mkunjo. Upande wa nje hauonekani kitu. Sivuti uzi ukakaza, kwani mshono uliokazwa huacha vishimo vidogo mfululizo kwenye kitambaa.

Kazi hii hula asubuhi karibu yote na sioni haja ya kuiharakisha. Mvaaji huenda asijue ni nini kinachofanya gauni likae vizuri, lakini linakaa.

Saa 6 mchana. Mwanga uko juu kabisa na huu ndio muda wa kitu kidogo kuliko vyote: kapeti ya kijumba. Zulia la mita 1.8 kwa 1.2, kwa uwiano wa 1:12, ni sentimita 15 kwa 10, na limedariziwa kwa uzi mmoja wa hariri kwenye shashi, kitambaa chepesi chenye matundu 40 kwa inchi. Ukipiga hesabu, ni mishono karibu 37,000. Imebaki safu ya mwisho ya ukingo. Nimeweka kitambaa cheusi mapajani ili matundu yaonekane, kioo cha kukuzia kiko mbele yangu, na kila baada ya muda nanyanyua macho nikaangalia mbali. Napenda kwamba kazi ya sindano na kazi ya ujenzi zinakutana hapa. Malkia Mary wa Uingereza alipojengewa nyumba yake ya wanasesere na msanifu Edwin Lutyens, ikakamilika mwaka 1924, nayo ilikuwa ya 1:12, ina taa za umeme na maji ya bomba, na mashuka yake yalifumwa na kushonwa kwa uangalifu uleule wa maseremala. Mjenzi peke yake hatoshi. Chumba kisicho na kitambaa huonekana kama sanduku.

Kumalizia kapeti: naacha ukingo mdogo wa shashi pande zote, nakata ncha za kona kwa mshazari ili zisirundikane, nakunja nyuma na kushikiza kwa gundi nyembamba iliyopakwa kwa ncha ya kijiti. Kisha inalazwa chini ya kitabu kizito.

Saa 8. Pasi. Darizi bado ina unyevu kidogo, ndivyo ninavyoitaka. Nailaza kifudifudi juu ya taulo nene, ili mishono izame kwenye taulo na isibonyezwe ikawa bapa. Vifundo vya katikati ya maua vinatoka vikiwa vimeinuka vilevile.

Saa 9. Kuibana kwenye ubao wa fremu. Hapa ndipo darizi nyingi nzuri hukwama, zikalala kabatini miaka, na mimi nasikitika kila ninapoambiwa habari hizo. Kwanza nageuza nyuma na kukagua: mkia wa uzi mweusi ukipita chini ya kitani cheupe utaonekana mbele, kwa hiyo naufutua na kuuchomeka chini ya mishono ya rangi yake. Ubao ninaotumia ni wa kadi isiyo na asidi, kwani kadibodi ya kawaida huchafua kitambaa kwa umanjano miaka ikipita. Naweka pini kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, pini zikichoma unene wa ubao, nikifuata uzi mmoja wa kitani ili nisipinde. Kisha kwa uzi imara navuka nyuma kutoka ukingo hadi ukingo, juu na chini, halafu kushoto na kulia, nikikaza kila baada ya mivuko kadhaa. Sitii gundi. Kilichofungwa kwa uzi kinaweza kufunguliwa na kufuliwa tena.

Saa 11 jioni. Vibano vimeondoka, ukuta umesimama. Narudi kwenye kijumba, sasa ni pazia za dirisha lake. Kitambaa hakipungui unene kwa sababu kimekatwa kidogo, kwa hiyo pazia la sentimita 17 halianguki kama la mita 2, husimama wazi kama karatasi. Nachagua pamba nyembamba kabisa, nailowesha kwa maji yenye gundi kidogo, naipanga mikunjo mmojammoja juu ya sponji ngumu iliyofunikwa kwa nailoni na kuchoma pini kila mkunjo. Itakauka hivyo hadi kesho.

Saa 1 usiku. Mpwa wangu amerudi. Nilikuwa nimeshashona ndoano na kitanzi juu ya zipu, nimetoa nyuzi zote za bandi na kupitisha pasi ya mwisho. Akalivaa, akazunguka, akasimama.

“Mama mdogo, limenyooka pande zote.”

Nikamkagua tena kwa rula kutoka sakafuni, mbele, nyuma na ubavuni. Limenyooka kweli. Nikamfungia kipande cha kitambaa, kifungo cha akiba na uzi wa rangi ileile kwenye mfuko mdogo, nikamwambia alitundike kwa tepe nilizoshona kiunoni kwa ndani, mabega yasibebe uzito wa sketi. Kisha nikageukia ubao wa darizi, nikaandika nyuma yake herufi zangu, mwaka, na aina ya uzi niliotumia.