Seva Iliyosikia Bila Kujibu

Mwaka 2014 nilikuwa fundi mdogo, nafanya kazi chini ya kaka mmoja aliyekuwa anafunga mitandao ya maofisi pale Posta. Jumatatu moja tukaitwa kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mwishoni mwa wiki mtandao wao ulikuwa umegawanywa kuwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ingawa inatumia vifaa vilevile: wahasibu VLAN 10, watu wa mizigo VLAN 20, wageni wa waifai VLAN 30. Asubuhi watu wa mizigo hawakupata intaneti wala ankara zilizohifadhiwa kwenye seva ya uhasibu, na madereva walishajaa mapokezi wakisubiri nyaraka. Kila mtu alisema swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta, imekufa.

Swichi ilikuwa nzima. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, usiguse waya. Sikiliza kwanza." Nikafungua Wireshark, programu ya kuona ujumbe unaopita mtandaoni, kwenye kompyuta moja ya mizigo, nikaipigia seva ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo. Anwani ya IP ya seva, yaani namba yake mtandaoni, ilikuwa 192.168.10.5, nami nilitegemea kuona kompyuta ikiitafuta. Haikuitafuta kabisa. Ilikuwa inauliza tena na tena: nani ana 192.168.20.1? Kimya.

Chuoni nilikariri jambo hili. Siku ile nililiona kwa macho. Kompyuta huipima anwani ya inakopeleka ujumbe kwa kutumia maski yake, namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao. Ikiona ni mtandao mwingine, haimtafuti mwenye anwani, inatafuta lango, yaani ruta inayopeleka ujumbe mtandao mwingine. Na lile swali ni tangazo la ARP, la kuomba anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya mwenye IP ile, ambalo swichi hulisambaza kwenye poti za VLAN ileile tu. Ruta ya ofisi ilikuwa imechomekwa upande wa wahasibu peke yake, kwa hiyo VLAN 20 haikuwa na lango la kulijibu.

Kaka akanielekeza dirishani. Wakati huo Daraja la Nyerere halijafunguliwa. "Ukienda Kigamboni unapanda daladala mpaka Feri, unavuka na pantoni, ng'ambo unachukua bajaji. Vyombo vinabadilika, wewe ni yuleyule. Anwani ya IP ndiyo wewe. Anwani za MAC ndizo vyombo."

Kisha akaugeuza waya wa ruta kuwa tranki, waya mmoja unaobeba VLAN zote, na ndani ya poti ile moja ya ruta akatengeneza poti tatu za kimantiki, kila VLAN na lango lake. Kwenye tranki kila fremu, yaani kifurushi cha data, hubeba lebo ya 802.1Q, baiti 4 tu, na humo namba ya VLAN imetengewa biti 12. Ndiyo maana VLAN zinazotumika haziwezi kuzidi 4094. Fremu inapanda kwa ruta ikiwa na lebo 20, ruta inasoma anwani ya IP, inairudisha chini kwa waya uleule ikiwa na lebo 10. Mpaka leo napenda kuwaonyesha vijana jambo hilo. Kompyuta mbili za VLAN tofauti zimechomekwa kwenye swichi moja, poti zinapakana, na bado mazungumzo yao lazima yapande mpaka kwa ruta. Kwenye ofisi kubwa waya huo mmoja huelemewa, ndipo hutumika swichi zinazoelekeza pakiti zenyewe. Pale ulitosha.

Intaneti ikarudi, lakini seva bado haikujibu. Nikahamishia Wireshark kwenye seva, nikaona pakiti za ping zinafika, moja baada ya nyingine. Seva ilikuwa inasikia, ila sehemu ya lango kwenye mipangilio yake ilikuwa tupu. Haikujua jibu ilipeleke wapi. Tukaandika 192.168.10.1. Hapohapo ghorofa nzima ikaanza kuchapisha.

Mama mhasibu akasimama mlangoni. "Wanangu, sasa na hao wageni wa waifai wataingia kwenye vitabu vyangu?"

Kaka alimheshimu sana kwa swali lile. Nami naona mafundi wengi huondoka kabla halijaulizwa: ping ikijibu, wanakunja waya. Njia zote zilikuwa zinapita kwa ruta, basi hapo ndipo pa kuweka sheria. Akaandika kwamba VLAN 20 iifikie seva kwa poti 445 ya mafaili peke yake (hapa poti ni namba ya huduma, si tundu la waya), na VLAN 30 isiguse mtandao wowote wa ndani, iende intaneti tu.

"Nionyeshe," mama akasema. Nikaunga simu yangu kwenye waifai ya wageni, nikajaribu kuifikia seva mbele yake. Ikagoma. Akaniambia nijaribu tena.