Mshono wa katani

Fundi rangi yuko chumba cha nyuma tangu Jumatatu, na nyumba nzima inanuka rangi mbichi. Vitu vyote vilitolewa barazani, ndipo binti yangu alipokutana na godoro langu. Akaligeuza, akapitisha kidole juu ya ule mshono, akaniuliza, "Mama, hili nalo si tuwape wazoa taka?"

Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Usiku nikamwita, nikamsimulia. Nawasimulia na ninyi, kwa sababu harufu hii haijaniacha nilale siku tatu sasa.

Ni godoro la futi mbili na nusu, inchi nne, ingawa katikati limeshabaki mbili. Nililinunua soko la Majengo, Dodoma, mwaka 2007, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza. Sisi ndio tuliokuwa hao wa kwanza. Leo mtu akisema UDOM anaona majengo yaliyotapakaa vilimani, kutoka ndaki moja mpaka nyingine unapanda gari. Sisi tulianzia Chimwaga, pale kwenye ukumbi wa mikutano ya CCM. Mei 2005 Kikwete aliteuliwa hapohapo kugombea urais, nchi nzima ikifuatilia redioni. Miaka miwili baadaye tukaingia sisi na madaftari. Mzee Mkapa ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo, Profesa Kikula makamu wake, na kila tulipokusanywa tuliambiwa chuo hiki kitakuja kubeba wanafunzi 40,000. Tulitazamana. Nje kulikuwa na vichaka, miiba na mibuyu.

Lakini ujenzi ulikwenda mbio. Mifuko ya hifadhi ya jamii ilikuwa imeweka fedha, na makatapila yalinguruma kutwa. Unakwenda kipindi asubuhi kilima kina vichaka, unarudi jioni kimepigwa vigingi na kamba. Mwaka wa pili ulipoanza, tukaambiwa mabweni mapya yako tayari, tuhame.

Masanduku yalipakiwa kwenye lori. Godoro sikutaka kuliacha lisubiri safari ya pili, nikalikunja, nikalifunga kamba, nikajitwika. Mimi na mwenzangu wa chumba, binti wa Kigoma, tukashika njia ya mkato kwa miguu kupitia bondeni.

Aliyewahi kukaa Dodoma wakati wa kiangazi anaujua upepo wake. Kwanza unasikia majani makavu yakisogea mbali, kisha vumbi jekundu linasimama wima kama mtu. Tulikuwa katikati ya bonde ulipotufikia. Ukaingia chini ya godoro, ukaliinua. Niling'ang'ania kamba mpaka ikanichana kiganja, kisha ikakatika. Godoro likafunguka lenyewe, likapaa, likabingirika, likapaa tena, likaenda kunasa kwenye mgunga. Nilisikia kitambaa kikipasuka, na mimi nikalia palepale, maana fedha ya kununua jingine sikuwa nayo na nyumbani nisingeweza kuomba.

Mzee mmoja alikuwa akichunga mbuzi karibu na ule mti. Koti kuukuu, shuka begani, fimbo mkononi. Alifika kabla yangu. Nilipolishika godoro nilivute, akanizuia mkono.

"Usivute, mjukuu wangu. Ukivuta unalimaliza."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akaanza kulinasua mwiba mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayemtoa ndege mtegoni. Alipomaliza akaketi chini, akalilaza mapajani, akaupima mpasuko kwa shibiri. Ulikuwa shibiri moja na kidole. Akachomoa shazia kwenye ukosi wa koti lake, akafumua uzi wa katani kutoka kwenye gunia alilokuwa amelikunja kwapani, akaulowesha kwa mate, akatunga. Mikono ile ilikuwa na nyufa zilizoingia vumbi mpaka ndani, lakini haikutetemeka hata kidogo.

"Mnahamia kule?" akauliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, babu."

"Nyumba ipi?"

Nikamwonyesha. La tatu kutoka kushoto, bati lake bado linameta. Akatazama. Shazia ikasimama hewani.

"Pale tulikuwa tunapuria uwele," akasema.

Akanionyesha kwa kidevu: kutoka mbuyu ule mpaka korongoni uwele, juu yake mtama, pembeni karanga za mama yake. Uwanja wa kupuria waliusiliba kwa udongo na samadi ya ng'ombe, wakaushindilia. Wakati wa mavuno wanawake walipura kwa fimbo hadi mbalamwezi ikatoka, na yeye mtoto akilala kando juu ya makapi. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Hakulalamika. Nilisubiri alalamike, hakulalamika.

Akarudi kushona. Mishono mikubwa, iliyolingana, kama ya kufunga gunia la nafaka. Alipofika mwisho akapiga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Jengo lenu litakaa vizuri," akasema. "Ardhi ile tumeikanyaga miaka mingi."

Nilitaka kumpa chochote, akakataa kwa kutikisa kichwa. Akanisaidia kujitwika. "Haya, nenda kasome." Mwenzangu alikuwa ameshatangulia akiniita, nami nikakimbia. Sikumuuliza jina.

Usiku ule chumba kilinuka hivi hivi kinavyonuka chumba changu cha nyuma leo. Wenzangu walilala, mimi sikupata usingizi. Nikashuka ngazi pekupeku, nikatoka nje, nikasimama kwenye kijisehemu cha ardhi kilichobaki kati ya ukuta na njia. Kweli ilikuwa ngumu. Ilikuwa laini juu na ngumu chini, kama sakafu.

Miaka iliyobaki ilikwenda haraka, 2010 nikamaliza. Kila nilipopita bondeni nilimtafuta kwa macho. Mara moja niliwakuta mbuzi, lakini aliyewachunga alikuwa kijana, akaniambia hamjui. Bonde nalo likazidi kujengwa. Nakipenda chuo kile kwa moyo wote, kimenipa kazi ninayoifanya na marafiki nilio nao, na sijui kama upendo huo ni deni au ni shukrani, wala nimlipe nani.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali mawili: baada ya pale walilima wapi, na yule babu aliitwa nani.

Asubuhi nimemkuta amelianika godoro ukutani, upande wenye mshono juani, amefagia vumbi lote. Fundi anamaliza kesho. Amesema atalilalia yeye.